Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Soka Tanga: Kiungani Mmeiacha Nje ya Risala

Kwa viongozi wa Chama cha Soka Mkoa wa Tanga,
Kwa uongozi wa African Sports na wa Coastal Union,
Nakala kwa maafisa elimu wa wilaya zote za mkoa.

Waheshimiwa, na wagosi wenzangu,

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Salamu nimezitoa zote mbili kwa makusudi. Habari niliyo nayo ni ya shule ya kanisa, na najua wapo kati yenu ambao wakisikia kanisa likitajwa kwenye mambo ya mpira wa Tanga watakunja karatasi na kuagiza kahawa. Agizeni kahawa, ila someni.

Kila klabu zetu zinapofanya sherehe au uchaguzi, risala huwa ni ile ile. African Sports ilianzishwa 1936. Coastal Union ikafuata 1948. Msoma risala anavuta pumzi, anaruka miaka 40, anatua 1988 Coastal walipotwaa ubingwa wa ligi, ukumbi unashangilia, kisha pilau. Siku hizi huongezwa fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2022 kule Arusha, pale Abdul Suleiman Sopu alipoifunga Yanga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha 3-3 na kombe tukalikosa kwa penalti. Nami hushangilia na pilau nala. Ninachowadai ni miaka iliyo kabla ya 1936. Vijana wanaokaa kikao na kuunda klabu ni vijana wanaojua kucheza tayari. Walioneshwa na nani? Na huyo aliyewaonesha, alijifunzia wapi? Mkilifuata swali hilo nyuma hatua kwa hatua, mtapita Muheza, mtapanda jahazi, na mtafika Unguja kwenye shule ambayo iliondoka pale 1925.

Shule hiyo ni Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja. Kilifunguliwa 1869 na misheni ya UMCA. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza: Wayao, Wamakua, Wanyasa, watoto wa makabila ambayo wengine walikuwa wadogo mno hata kukumbuka vizuri njia waliyopitishwa. Mwaka 1887 mwalimu wao A. C. Madan, ambaye kamusi zake ninyi mnaosoma mnazijua, alichapisha kitabu cha masimulizi ya wavulana hao, kila mmoja akieleza alivyokamatwa, alivyouzwa, akauzwa tena, mpaka akajikuta Kiungani. Ukimaliza kukisoma hutamani kuzungumza na mtu kwa muda.

Sasa wachukueni vijana hao hao muwaweke uwanjani. Nadhani hatujawahi kulifikiria jambo hili sawasawa. Kijana aliyewahi kupangiwa bei sokoni anasimama kwenye mstari na kuchaguliwa upande kwa sababu anajua kukimbia. Anapewa nafasi yake, anaitwa kwa jina lake, akifunga bao wenzake wanamrukia. Mpira wa miguu na kriketi vilichezwa Kiungani kabla karne ya 19 haijaisha, na chuo hicho kinahesabiwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa ambapo Waafrika wa pwani hii waliucheza mchezo huu kwa utaratibu, wenye timu na sheria. Sisi tunaogombana kila mwaka juu ya nani mkongwe kati ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, tumekaa juu ya historia yenye umri wa kuwazaa wote wawili.

Tena haikupotea hewani, maana iliandikwa. Oktoba 1888 Kiungani walianza kutoa gazeti lao, Msimulizi, linalohesabiwa kuwa la kwanza kwa Kiswahili katika nchi zetu. Lilichapwa pale pale chuoni, na sehemu kubwa ya habari zake ziliandikwa na Waafrika wenyewe. Vituo vya misheni vya bara, Magila ikiwemo, vilituma habari zao. Humo, pamoja na nani kabatizwa, nani kaoa na nani kafariki, zimo na habari za michezo: nani kacheza na nani, na mambo yalikwendaje. Ndugu zangu wachambuzi wa redio mnaoanza asubuhi mpaka vijiwe vya bodaboda vinafungwa, hao ndio babu zenu. Waliitangaza mechi kwa Kiswahili wakati redio haijabuniwa.

Mtasema, hayo ni ya Wazanzibari, Tanga inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa Bonde.

UMCA walifika Magila, Muheza ya leo, katika miaka ya 1860, na kituo kikakua mpaka kikawa nguzo yao upande huu wa bahari. Mvulana wa Kibondei aliyeonekana ana kichwa alipelekwa Kiungani kumalizia masomo. Kadiri majahazi ya watumwa yalivyopungua baharini, ndivyo madawati ya Kiungani yalivyozidi kujazwa na watoto wa vituo vya bara. Samwil Sehoza alipita huko. Padri Petro Limo alipita huko. Hugh Peter Kayamba alipita huko, akapelekwa mpaka Uingereza kwenye shule ya Bloxham, na mwanawe Martin, aliyezaliwa Mbweni 1891, naye akasomea Kiungani. Vijana hawa hawakubaki Unguja. Walirudi Bonde na pwani wakiwa walimu, na walimu wa Kiungani ndio waliousambaza mchezo kwenye vituo vya misheni vya bara. Tangu miaka ya 1890 Magila nao walikuwa na gazeti lao, Habari za Mwezi, lililoendelea mpaka vita vya 1914 vilipolizima. Mtu anayetaka kujua mpira ulivyoota mizizi kwetu, kabla hata Tanga mjini hapajawa na kiwanja kinachostahili jina hilo, pa kuanzia ni hapo.

Mjini nako palikuwa na shule ya serikali ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1892, ya kwanza ya aina yake katika koloni lao. Ile haikujulikana sana kwa mpira. Ilijulikana kwa bendi yake ya tarumbeta na kwa Kiongozi, gazeti lililotoka Tanga kuanzia 1904 hadi 1916. Bendi hiyo msiidharau, kwa kuwa mji ulipoingia wazimu wa ngoma ya beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili, ulikuwa tayari unajua tarumbeta inavyopigwa. Mimi nina imani, na wataalamu watanikosoa wakitaka, kwamba tabia ya Tanga ya kugawanyika mapande mawili na kutaniana mpaka usiku wa manane tulikuwa nayo kabla Coastal na Sports hawajakutana hata mara moja.

Vita vilipofika, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza wa Bonde pamoja na walimu na mapadri wao Waafrika. Martin Kayamba naye alikamatwa akafungwa. Shule zikafungwa, viwanja vikaota majani. Baada ya vita huyu Kayamba ndiye tunayemkuta hapa Tanga, karani wa serikali ya Waingereza, akianzisha mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Wanaoandika historia ya siasa wamemchukua Kayamba wakamweka kwenye orodha ya waliotangulia African Association na TANU, na ni haki yake. Lakini chama kile kwa wanachama wake wa kila siku kilikuwa pia ni mahali pa magazeti, masomo na michezo. Karani aliyetoka kazini alasiri alitaka kusoma, kubishana na kukimbia. Haya yote alikuwa ameyazoea shuleni.

Halafu, 1925, Kiungani ikahamishwa. Chuo kilivuka kuja Minaki, Kisarawe, na jina la Mtakatifu Andrea, kwa kuwa haikuwa na maana tena kuwavusha bahari wanafunzi ambao karibu wote kwao ni bara. Miaka 11 baadaye ndipo African Sports inazaliwa Tanga.

Sitaki mnisome vibaya. Sisemi waliokaa kikao cha 1936 walikuwa watoto wa misheni. Ngamiani ni mji wa Waislamu, na mpira wa Tanga ulilelewa na vijana wa madrasa, wapagazi wa bandari, wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya mkonge kuliko ulivyolelewa na padri yeyote. Ndiyo sababu hasa nataka habari hii ikusanywe yote pamoja. Ikiachwa Kiungani peke yake itakuwa hadithi ya kanisa, na ikiachwa Barabara ya 12 peke yake itakuwa hadithi ya klabu. Hapo kati pana miaka 50 ya watu waliocheza, wakafundisha, wakapatia timu majina, na leo hawamo kwenye risala ya mtu.

Upande wa wasichana ndiko aibu inakozidi. Pale Mbweni, karibu na Kiungani, UMCA hao hao walikuwa na shule ya wasichana chini ya Bi Caroline Thackeray. Nayo ilifungwa, na leo watalii hupiga picha kwenye magofu yake. Wake za walimu wengi waliokuja Magila walitoka huko. Je, walicheza nini? Nani aliwafundisha mabinti wa Korogwe na Muheza netiboli, mpaka ikawa kila shule ya mkoa huu ina timu? Hakuna risala hata moja ya klabu zetu ambayo nimesikia mwanamke akitajwa kabla ya kufikia kwa mama lishe waliopika siku ya sherehe.

Najua mtu atauliza, ya 1888 yanatusaidia nini sisi tunaotafuta nauli ya timu kwenda Kagera. Nitamjibu kwa ya karibu zaidi.

Shule zetu zimeendelea kufa na kuzaliwa upya, na kila mara michezo yake inazikwa bila matanga. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni na za jumuiya mbalimbali mikononi mwa serikali. Uamuzi ulikuwa na sababu zake na sitaufungulia kesi hapa. Lakini shule ikishabadilishwa mwenyewe, pengine na jina, ile timu iliyotisha mkoa mzima chini ya jina la zamani inakuwa haina kwao. Wazee waliochezea wanabaki wanasimuliana barazani, wakiondoka wanaondoka nayo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja ile amri ya Wizara ya Elimu, wakati wa Waziri Joseph Mungai, ya kusimamisha mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Yalirudishwa baadaye, chini ya awamu iliyofuata. Waulizeni makocha wenu wa sasa kuhusu vijana waliokuwa darasa la tano au kidato cha pili miaka hiyo. Watawaambia pana pengo, kama jino lililong'olewa mbele. Na msimu wa 2015/16, Tanga ilipokuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, Sports na Mgambo JKT, zote tatu zikashuka kwa pamoja. Tulilaumu waamuzi, tulilaumu fedha, tulilaumu viongozi, na Tanga tukikosa wa kumlaumu tunamtafuta mganga. Sikumsikia mtu akisema kwamba mkoa uliolelewa na mpira wa shule ulikuwa umesahau shule zake.

Hebu niwaoneshe kitu kimoja. Katika shule moja ya mkoa huu, ambayo sitaitaja kwa kuwa mwalimu wake mkuu alinipokea kwa heshima, kuna kikombe cha fedha ya kupakwa juu ya kabati la ofisi. Ndani yake kuna vipande vya chaki, kifutio na funguo za stoo. Mkono mmoja umekatika, umefungwa kwa waya wa umeme wa rangi nyekundu. Ubavuni paliandikwa jina la shule iliyoshinda na mwaka, kwa herufi za kuchonga. Leo unasoma 19, basi. Zile tarakimu mbili za mwisho na jina lote la shule vimesuguliwa vikaisha. Na walioviondoa hawakuwa wazembe. Ni wanafunzi wa zamu, kila siku ya ukaguzi, kizazi baada ya kizazi, wakikisugua kwa Brasso ing'ae mbele ya mgeni. Kikombe kimetunzwa vizuri kuliko dawati lolote la shule ile. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kunakili maneno yale kwenye daftari yalipokuwa bado yanasomeka.

Ndipo ninapofikia maombi yangu, na si ya fedha nyingi.

Kwanza nawageukia maafisa elimu. Mwalimu mkuu akihamishwa kuna makabidhiano: madawati, vitabu, majembe, sufuria, kila kitu kinaandikwa kwenye leja na pande mbili zinatia sahihi. Ongezeni ukurasa mmoja wa michezo. Vikombe, ngao, picha za timu, majina ya manahodha, pamoja na maandishi yake neno kwa neno. Shule ikiunganishwa, ikifungwa au ikibadilishwa jina, ukurasa huo utolewe nakala iende kwenu na nyingine iende makumbusho ya Urithi pale boma la zamani mjini. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji waraka mmoja.

Ninyi wa chama cha soka, ombi langu kwenu ni refu kidogo. Nyaraka za UMCA, za Kiungani na Magila zikiwemo, zimehifadhiwa Oxford katika maktaba ya Bodleian. Unguja nako kuna Nyaraka za Taifa, Kilimani. Andikeni barua rasmi, yenye muhuri, mkiomba nakala za kurasa zote za Msimulizi na Habari za Mwezi zinazotaja michezo. Barua ya mtu binafsi kama mimi inaweza kukaa kwenye foleni. Ya chama cha mkoa ina uzito mwingine. Zikija, wapeni wanafunzi wa kidato cha tano na sita wa hapa Tanga wazisome, wayatoe majina, wayaulizie vijijini. Majina ya Kibondei yaliyomo yana wajukuu, na wajukuu hao wako Mkuzi, Misozwe, Muheza mjini, wengine wamo kwenye kamati zenu za utendaji bila kujua.

Coastal na Sports, ninyi nawaomba muda tu. Coastal itatimiza miaka 80 mwaka 2028, Sports itatimiza 100 mwaka 2036. Najua jezi za kumbukumbu zitashonwa, na nitanunua. Lakini tangu sasa teueni kila klabu watu wawili wasio na mpango wa kugombea uongozi (hilo ni sharti, tunajuana), wapite kwa wachezaji wa zamani na kinasa sauti. Simu ya mkononi inatosha. Wasiwaulize mabao, mabao wameshayasimulia mara elfu. Wawaulize walisoma shule gani, nani alikuwa mwalimu wa michezo, kiwanja kilikuwa upande gani wa shule, mpira ulinunuliwa na nani na ulipopasuka ulishonwa na nani. Wawaulize na dada zao pia. Kwenye majibu ya maswali hayo ndiko zilikojificha shule ambazo hazipo tena.

Nasikia tayari mtu akiuliza kwa nini tuanze na Kiungani, shule ambayo hata jengo lake halikuwa kwetu, badala ya kuanza na zile za juzi ambazo wahitimu wake wangali hai. Hoja hiyo ina nguvu, na kama nguvu zenu ni za kufanya jambo moja tu, fanyeni la wazee kwanza, maana karatasi za Oxford zitasubiri na wazee hawasubiri. Ila msiiache Kiungani ikabaki nje ya risala. Sentensi mbili zinatosha: kwamba kulikuwa na chuo, kwamba vijana wa Bonde walivuka bahari wakarudi na mchezo. Ziwekeni kabla ya 1936. Nimewaandikia hizo mbili hapa, kateni mbandike.

Na mkiamua kuitisha kikao cha jambo hili, nawaomba kisiwe Mkwakwani wala hotelini Raskazone. Kiitisheni Muheza, siku ya Jumamosi, mapema. Magila wapo wazee wenye miaka zaidi ya 80 waliofundishwa na watu waliofundishwa Kiungani, na basi la kwenda mjini hawaliwezi tena. Chai na mihogo tutaandaa sisi.

Wenu katika mpira,
Mkazi wa Muheza, mchezaji wa zamani wa timu ya shule.